Operesheni haikutumaliza, tulimalizwa na vidogo vidogo

Kuna mfuko wa kitambaa alioushona mama kwa vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja wake, una maua upande mmoja na mistari upande wa pili, na ndani hamna kitu kingine ila risiti. Mwaka mzima wa risiti za hospitali. Nyingine zimefifia husomi kitu maana ile karatasi ya mashine ukiiacha kwenye joto inajifuta yenyewe, nyingine zimepigwa pini na majibu ya vipimo, nyingine nyuma yake nimeandika nauli ya siku hiyo kwa peni. Usiku mmoja nikasema leo nakaa nazijumlisha zote, nikazimwaga kitandani, nikafungua kikokotoo kwenye simu, nikaanza.

Jibu mi nilikuwa nalo tayari kichwani. Nilijua kabisa kilichotufilisi ni operesheni ya mguu, maana ile ndo iliyotutoa jasho kwa mara moja, ndo iliyofanya tukope, ndo kila ndugu anayoikumbuka. Mpaka saa saba usiku nikawa na jumla mbili, huku operesheni na siku za wodini, huku vingine vyote. Nikarudia nikidhani nimegonga sifuri moja zaidi. Wapi. Vile "vingine vyote", yaani dawa za kila mwezi, kumwona daktari, vipimo vya kurudia rudia, glavu, bendeji, kopi za fomu, nauli, vilikuwa karibu mara mbili ya operesheni.

Nilikaa pale naangalia simu mpaka ikajizima taa. Mwaka mzima nimekuwa nikiogopa kitu kimoja kumbe kinachotula ni kingine.

Ngoja nianze mwanzo. Mama ni fundi cherehani, wa cherehani ile ya kukanyaga kwa mguu, miaka zaidi ya thelathini. Siku moja alianguka akiwa anampima mteja, tukamkimbiza hospitali, wakakuta presha iko juu na sukari nayo iko juu, na daktari akasema kwa upole kabisa kwamba haya si magonjwa ya kutibu ukamaliza, haya unaishi nayo. Mi nikasikia "unaishi nayo" nikafurahi. Sikusikia "unalipia". Hilo hakulisema, na wala si kosa lake.

Mtu asiyeuguza hajui hospitali inavyolipisha. Anadhani unaingia, unatibiwa, unapewa bili moja. Hakuna bili moja! Unalipa kufungua faili, unarudi kwenye benchi. Unalipa kumwona daktari, unarudi kwenye benchi. Daktari anaandika vipimo vitatu, unaenda dirishani, "lipia kwanza halafu nenda maabara", unalipa, unasubiri, unarudi na majibu, jioni imeingia, daktari aliyeandika vipimo ameshatoka zamu, kesho yake yupo mwingine na huyo kumwona ni hela nyingine. Kisha dawa. Kila dirisha kiasi chake ni kidogo tu, kidogo kiasi kwamba unaona aibu kulalamika, na nadhani ndo maana hatulalamiki. Ukiambiwa toa mshahara wa miezi minne leo hii utapiga kelele, ila ukiutoa vipande vipande mwaka mzima unaona ni maisha tu.

Na bima tulikuwa nayo jamani, msije mkadhani hatukuwa nayo. Nilikuwa natembea kifua mbele na kadi yangu. Sasa kadi ina mambo yake ambayo siku ya kuuziwa hayasemwi kwa sauti. Kwanza kuna kungojea, ugonjwa ambao umekutwa nao haulipiwi mpaka muda fulani upite, kwa hiyo mama na presha yake mpya tukalipa wenyewe miezi yote ya mwanzo huku makato ya bima yanaendelea kama kawaida. Pili kuna limiti ya mwaka, na ile ya mgonjwa wa nje, anayetibiwa na kurudi nyumbani, ni ndogo kuliko ya kulazwa, wakati mtu mwenye sukari na presha maisha yake yote ni mgonjwa wa nje. Limiti yetu ilikata mwezi wa nane. Nilikuwa nimesimama kaunta na kadi mkononi, yule dada akaipitisha kwenye mashine, akaangalia skrini, akanirudishia bila hata kunitazama usoni. "Imeisha." Nikadhani kadi ndo imeisha muda. Akasema hapana, hela ndo imeisha.

Tatu, na hii ndo iliyonifanya nielewe kwa nini gharama inapanda wakati hakuna aliyetangaza kupandisha bei. Tulipohuisha mwaka uliofuata, makato yalibaki vile vile nikashukuru Mungu. Kumbe sehemu ambayo mgonjwa anachangia mwenyewe kila akitibiwa ilikuwa moja ya kumi, ikawa moja ya tano. Imeandikwa, ipo, ukurasa wa sita, maandishi ya kusoma na kioo cha kukuzia. Yaani bili ya hospitali ibaki ile ile senti kwa senti na wewe mfukoni unatoa mara mbili. Na kuna dawa ambazo dirishani wanakwambia "hiyo haimo kwenye kifurushi chako" au "imo ila imeisha, kanunue nje", na ukinunua nje bima haina habari na wewe.

Basi nikawa nalipa. Na nilikuwa naona niko sawa, kijana anayemlea mama yake, najisifu kimoyomoyo. Mpaka siku niliyotafuta mkasi.

Nilifungua droo ya cherehani, ile ndogo ya pembeni ambayo mafundi wanaweka bobini na vifungo. Chini ya vifungo nikakuta karatasi mbili za vidonge vya presha, zimetumika nusu, tarehe ya dirishani ya miezi miwili nyuma. Pembeni kuna kitambaa cheupe kimefungwa fundo, nikafungua, ndani kuna vidonge vya sukari vimekatwa katikati. Vimekatwa vizuri sana, kingo zimenyooka, maana alikuwa anavikata kwa wembe wake wa kufumulia mishono. Mkono wa fundi ule.

Nikamwita. "Mama, hivi ni nini?"

Akaangalia, akakaa kimya kidogo, akasema, "Akiba."

"Akiba ya nini mama?"

"Ya mwezi ambao hutakuwa nazo."

Sikuwa na la kusema. Akaendelea mwenyewe akanieleza kwa utulivu kama anaelezea mteja bei ya suruali, kwamba akijisikia vizuri anaruka siku, na kile kikubwa anakikata nusu asubuhi nusu kesho yake, kwa hiyo pakiti ya mwezi inafika mwezi na nusu hadi miwili, "nakupunguzia mwanangu". Nami kumbe ndo nilikuwa namsababisha, maana kila nikitoka famasi nilikuwa nasema kwa nguvu, "leo imekuwa kiasi hiki, hawa watu wataniua!" Nasema kama utani. Yeye ameshika nguo kwenye cherehani anasikia, anafanya hesabu zake.

Presha haiumi, hilo ndo baya lake. Unajisikia vizuri huku inakula figo na moyo taratibu. Sukari nayo ikikaa juu muda mrefu inaua mishipa ya fahamu ya miguuni, unakanyaga kitu husikii. Na chini ya cherehani ya fundi kuna nini? Pini. Mama alikanyaga pini ikaingia ubavuni mwa kidole akaendelea kukanyaga pedali siku sijui ngapi, alikuja kuiona jioni moja akiosha miguu. Akaitoa, akapaka spiriti, akafunga kitambaa, akanyamaza. Wiki tatu alinyamaza. Nilivyokuja kumuuliza kwa nini, akasema, "kufungua faili tu ni hela, na kidonda chenyewe hakiumi". Kilipoanza kunuka ndo akasema. Walimkata vidole viwili.

Sasa piga hesabu ya akiba ile. Vile vidonge alivyoviokoa thamani yake haifiki hata bei ya bendeji za wiki moja za kidonda kile.

Nilipokuwa namsubiri pale wodini usiku nilisoma sana kwenye simu, si kwa ajili ya elimu, ni kwa sababu usingizi haupo. Nikakutana na utafiti mmoja mkubwa uliofanywa Marekani na taasisi ya utafiti ya RAND, kati ya 1974 na 1982. Walichukua familia wakazigawa kwa bahati nasibu, wengine matibabu bure kabisa, wengine wanachangia kidogo, wengine wanachangia sana. Waliochangia walipunguza kwenda hospitali, sawa, hilo ndo waliotetea uchangiaji walilipenda. Ila walipunguza yote, yasiyo ya lazima na ya lazima pia, hawakuweza kuchagua. Na watu maskini wenye presha, waliotibiwa bure presha zao zilidhibitiwa vizuri kuliko wenzao waliokuwa wanachangia. Nikamwangalia mama amelala mguu juu ya mito, nikasema haya yote yalishajulikana kabla mi sijaenda shule.

Kuna kipimo ambacho mashirika ya dunia wanatumia. Kaya ikitumia zaidi ya asilimia 10 ya bajeti yake yote kwenye matibabu ya kulipa mfukoni, wanahesabu hayo ni matumizi ya kuangamiza, na wana mstari mwingine wa asilimia 25 kwa walioumia zaidi. Sisi miezi ile ya kidonda tulivuka yote miwili tukawa tunaiona kwa nyuma. Ripoti ya WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, na Benki ya Dunia ya 2023 inasema kwa hali ya 2019 watu kama bilioni 2 walikuwa kwenye shida ya kifedha kwa sababu ya matibabu, na kati yao milioni 344 walisukumwa ndani zaidi ya ufukara uliokithiri. Na wanasema kwenye nchi nyingi zenye kipato kidogo kinachobeba sehemu kubwa ya hiyo hela ya mfukoni ni dawa, siyo kulazwa. Dawa! Laiti ningejua hili kabla ya kukesha na kikokotoo.

Lakini kuna kitu kwenye hesabu hizo kinanisumbua mpaka leo. Zinahesabu waliolipa. Ile miezi mama alipokuwa anakata vidonge kwa wembe, matumizi yetu ya matibabu yalishuka, kwenye takwimu tungeonekana kaya iliyopata nafuu. Mtu asiyeenda kabisa hospitali kwa kukosa hela gharama yake ni sifuri. Nani anamhesabu huyo?

Turudi kwenye bili. Siku ya kutoka wodini ilifika, daktari kasaini, mama kavaa nguo zake za kutokea, na kwenye dirisha la kutoka wakatupa jumla ambayo hatukuwa nayo. Hamtoki. Siku mbili mama alikaa pale akiwa mzima ameruhusiwa, kitanda kinahesabiwa, chakula kinahesabiwa, na zile siku mbili za kutafuta hela zikaongezwa kwenye hela tunayotafuta. Mpaka leo sijapata neno la kuelezea hiyo kitu. Mjomba alitoa alichokuwa nacho, dada alitoa ada ya mtoto akisema ataenda kuongea na mwalimu, mi nikachukua mkopo kwa jamaa wa riba ambao ningekuwa na akili timamu siku ile nisingeuchukua.

Na cherehani ikaenda.

Sikuiuza mimi, aliiuza mwenyewe kwa simu akiwa kitandani. Alimpigia fundi mwenzake, wakakubaliana dakika tano, mwenzake hakupunguza hata senti. Mi nikasema mama utashonea nini? Akasema, "Nitakanyaga na mguu gani?" Kwa hiyo kile kilichokuwa kinaingiza hela ya dawa ndo kilichouzwa kulipia matokeo ya kukosa dawa. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu nikaifuta, naona nayo haitoshi.

Baada ya hapo ndo nikaanza kujifunza, kwa kuchelewa, kama kawaida yetu.

La kwanza nilijifunza kwa mfamasia mmoja mzee ambaye aliona nakunja uso. Akaniambia kila dawa ina majina mawili, kuna jina la dawa yenyewe na kuna jina ambalo kampuni imebandika kwenye boksi. Amlodipine, ile ya presha, ni amlodipine, metformin, ile ya sukari, ni metformin, hata boksi liwe na dhahabu. Hati za ugunduzi wa hizo mbili, zile zinazompa mgunduzi haki ya kutengeneza peke yake, ziliisha muda zamani, viwanda vingi vinatengeneza, bei zinapishana vibaya sana kwa kitu kile kile. Daktari wetu alikuwa anaandika jina la boksi kwa mazoea tu, hakuwa na ubaya wowote, siku nilipomwomba aandike jina la dawa yenyewe akaandika bila neno. Gharama ya vidonge vya mwezi ilishuka ikawa kama theluthi. Mwaka mzima nimelipia rangi ya boksi.

Ila nikanogewa, ngoja nikiri. Nikaona kama rahisi ni rahisi basi niende rahisi zaidi, nikanunua kwa mtu mmoja asiye na famasi, ana begi tu, bei ya kushangaza. Wiki mbili sukari ya mama haikushuka hata kidogo. Daktari akawa anataka kuongeza dozi ndo nikasema ukweli, akanikaripia mbele ya nesi, na nilistahili. WHO walisema mwaka 2017 kwamba kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa kama 1 kati ya 10 ni hafifu au bandia. Sasa nanunua ya bei nafuu lakini kwenye famasi yenye leseni ukutani na mtu mwenye koti jeupe ninayeweza kurudi kumuuliza.

Kuhusu vipimo, kuna swali moja ambalo nawashauri mlibebe. Daktari akiandika kipimo, muulize kwa heshima, "Majibu yakitoka hivi au yakitoka vile, matibabu yatabadilika?" Kuna siku aliandika vinne, nikauliza, akatafakari, akakata kimoja kwa peni akasema hiki tulifanya mwezi uliopita, hakijachakaa. Hakukasirika. Wengi wao hawajui dirishani kuna bei gani, kweli kabisa, wao wanaandika tu. Na tembea na majibu yako. Sisi tulihamia hospitali nyingine katikati ya kidonda, wakarudia kila kitu kuanzia damu mpaka eksirei, kwa sababu majibu ya mwanzo yalikuwa kwenye faili na faili halitoki. Siku hizi kila majibu napiga picha hapo hapo kabla sijayakabidhi.

Mashine ya kupima sukari hiyo nayo ilinifundisha. Mama baada ya operesheni aliwekwa kwenye insulini, ile sindano ya kushusha sukari, na lazima apime kila siku. Mashine yenyewe nikapata kwa bei ya kutupwa nikajiona mjanja. Vikaratasi vyake sasa! Kila kipimo kikaratasi kimoja, unatupa, na vikaratasi vya mashine hii havikubali kwenye mashine ile. Ni kama printa na wino wake. Ukinunua mashine usiulize bei ya mashine, uliza bei ya vikaratasi na uliza kama vinapatikana. Nimempa jirani mashine ile, sijui naye anaifanyia nini.

Na insulini, hapo nina donge. Iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na wale watafiti waliiachia hati yake Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja ili isije ikawa mali ya mtu mmoja. Dola moja! WHO walipotoa orodha yao ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977 insulini ilikuwemo. Zaidi ya miaka 100 baada ya ugunduzi, mi nasimama dirishani nahesabu kama nichukue chupa ya mwezi au ya wiki mbili. Katikati hapo kuna watu wengi wamepita, na kila aliyepita kachukua chake.

Jambo lingine ambalo hakuna aliyeniambia, hospitali nyingi kubwa zina afisa ustawi wa jamii. Yupo kwenye kachumba mwisho wa korido, hana foleni, kwa sababu watu hawajui. Nilimgundua siku ya pili ya kile kifungo cha kutoka, nesi wa zamu ya usiku alininong'oneza. Alikaa na mimi akaniuliza kipato, wategemezi, akaandika barua, wakakubali sehemu iliyobaki tulipe kwa awamu. Ningeenda kwake siku tunalazwa huenda cherehani ingekuwepo. Pia angeniambia mapema niombe makadirio ya gharama kabla ya operesheni, maana mtu anayetafuta hela kwa wiki mbili na anayetafuta kwa siku mbili hawapati hela ya aina moja. Wa siku mbili anakutana na jamaa wa riba.

Halafu kuna bili yenyewe. Usikubali jumla peke yake, omba mchanganuo, mstari kwa mstari. Kwenye ile ya operesheni nilikuja kuona kipimo kimoja cha damu kimeandikwa mara mbili siku moja saa moja. Nilivyorudi wakasema ni kosa la mfumo, wakanirudishia baada ya wiki tatu na barua mbili. Sisemi wanaiba, sijui. Nasema tu mfumo ukikosea sijawahi kuona ukikosea kwa kunipunguzia.

Kuna watu hunijibu kwamba basi weka akiba, kila mwezi tenga. Natenga. Nina bahasha, nimeifanya kama kodi ya nyumba, dawa za mama zinatoka kabla ya kitu kingine chochote. Inasaidia, miezi ya kawaida inapita bila presha kunipanda na mimi. Ila tusidanganyane kwamba bahasha ndo jibu. Uingereza walianza huduma yao ya afya ya taifa mwaka 1948 wakati nchi imetoka vitani hoi, Thailand nao mwaka 2002 wakaingiza karibu kila raia aliyekuwa nje ya mfumo kwenye matibabu ya kulipa kiasi kidogo sana, na hawa hawakuwa matajiri. Viongozi wa Afrika walikaa Abuja, Nigeria, mwaka 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya, nchi nyingi hazijawahi kuifikia. Mtu mmoja na bahasha yake hawezi kufanya kazi ambayo imetengenezwa kwa ajili ya watu milioni kadhaa kuchangiana wakiwa wazima. Mi naweza kupunguza ujinga wangu tu, na nimepunguza, lakini mgonjwa bado ndo anaambiwa awe mjanja wakati anaumwa.

Mimi na mama tulikubaliana vitu viwili. Yeye hakati tena kidonge na mimi sisemi tena bei kwa kulalamika. Kwa muda fulani nilikwenda mbali zaidi, nikawa namdanganya, akiuliza "leo imekuwa ngapi?" nataja nusu. Alinigundua haraka sana. Mtu aliyepima watu kwa utepe miaka thelathini humdanganyi kwa hesabu. Akasema kama ni hivyo nipe huo mfuko wa risiti nitunze mwenyewe, nikampa.

Juzi tumetoka kubadilisha bendeji, tumefika nyumbani, mguu ameuweka juu ya stuli, kavaa miwani, ana mchanganuo mkononi anafuata mstari kwa mstari kwa ile chaki bapa ya kuchorea kitambaa. Mi niko jikoni. Akaniita.

"Glavu jozi ngapi zilitumika leo?"

"Moja mama, nesi alikuwa mmoja."

"Hapa wameandika tatu."

Nikamwambia mama ni hela ndogo hiyo, nimechoka, nitauliza wiki ijayo. Akanitazama juu ya miwani, akazungushia duara kwa chaki, akanikabidhi karatasi. Nikavaa viatu nikarudi.